Klachi ya pikapu iliyoongezwa nguvu

Wenye pikapu za mazuti hapa Bukavu, kama umeongeza nguvu ya turbo, pima klachi kwanza. Tia gia ya nne, panda mlima, kanyaga mafuta. Injini ikinguruma na mwendo usiongezeke, sahani ya klachi, ile diski inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia, inateleza. Usinunue sahani peke yake: badilisha na presha (bamba la springi linaloikandamiza sahani) na beringi yake, na gurudumu la injini, ambalo sahani hushikana nalo, lichongwe upya. Langu lilikuwa na madoa ya bluu ya moto. Tazama pia sili ya nyuma ya injini, maana oili ikivuja huua sahani mpya. Sahani ya seramiki hushika kweli, ila kwenye foleni ya Kadutu itakurusharusha. Mimi nachagua ya kawaida yenye presha nzito. Kilomita 800 za kwanza, usivute mzigo mzito.