MD, MBChB au MBBS? Usichague chuo kwa herufi

Kwa mnaojaza fomu za udaktari: MD ya Muhimbili, MBChB ya Makerere au Nairobi na MBBS ya India ni majina tofauti ya shahada ya udaktari, na zote zinakutoa daktari yule yule. Muhimbili na Makerere ni miaka 5, Nairobi 6, halafu mwaka wa intanship hospitalini. Ubingwa unakuja baadaye, kwa MMed, yaani shahada ya uzamili ya udaktari. Kwa hiyo anayekwambia MD ni kubwa kuliko MBBS, mwache aende zake.

Marekani ndiko kwenye mkanganyiko. Kule MD inaanza baada ya shahada ya kwanza, miaka 4 juu yake. Wapo pia wenye DO, shahada nyingine ya udaktari ya huko, nao ni madaktari kamili: wanaandika dawa, wanapasua. Uingereza nako MD kwa kawaida ni shahada ya utafiti ya mtu ambaye tayari ni daktari.

Kabla ya kumlipa wakala wa vyuo vya nje hata shilingi, uliza Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC kwa Kenya, kama chuo hicho kinatambulika. Barua ya wakala haiwezi kukusajili kuwa daktari. Uliza pia lugha ya wodini, si ya darasani tu. Vyuo kadhaa vya China vinafundisha kwa Kiingereza, lakini mgonjwa kitandani anakueleza tumbo linavyomsokota kwa Kichina, na historia ya ugonjwa ni wewe unayetakiwa kuichukua.