Kabla ya filimbi ya saa nne: kujiandaa kwa shindano la kuvua ziwani Uingereza

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria huona kuvua si jambo la kufundishwa. Kisha mtu anahamia Uingereza, mwenzake wa kazini anamwalika kwenye shindano la Jumamosi, na anakuta "ziwa" ni bwawa lililochimbwa shambani, kila mvuvi ana sehemu yake ya ukingo, na samaki wote wanapimwa wakiwa hai kisha wanarudishwa majini. Samaki wenyewe ni kapi, brimu, rochi na tenchi. Samoni na trauti hawamo katika uvuvi huu. Kuvua huchukua muda wa saa tano au sita. Kwa miaka niliyoshiriki nimeamini jambo moja: saa hizo ni za kutazama boya tu. Lolote litakalokuinamisha kwenye sanduku la vifaa lilipaswa kumalizwa jana yake.

Anza na leseni. Katika England kila mvuvi wa maji baridi mwenye miaka 13 na zaidi lazima awe nayo. Wa miaka 13 hadi 16 hailipii, ila lazima aichukue. Tiketi ya ziwa au kadi ya klabu haichukui nafasi yake, na faini inaweza kufika pauni 2,500. Kuna leseni ya siku moja kwa anayejaribu tu.

Kisha soma masharti ya ziwa kabla hujanunua chochote, maana kila ziwa lina yake na hapa ndipo wageni huumia. Karibu kote ndoana hutakiwa isiwe na kijino cha nyuma, ili itoke mdomoni mwa samaki bila kuuchana. Maziwa mengi yanakataza karanga na jamii yake, na mengine yanataka chakula cha samaki cha punje kinunuliwe kwao tu. Nyavu za kuhifadhia samaki ama utapewa zao, ama utatumbukiza zako kwenye beseni la dawa kabla ya kuingia. Usione ni usumbufu: kuna virusi vya koi vinavyoua kapi kwa wingi, na nyavu mbichi kutoka ziwa jingine ni njia rahisi ya kuvibeba. Zikaushe kabisa nyumbani. Na zile chubwi za risasi, yaani vizito vya mshipi, ulizoletewa kutoka nyumbani ziache kabatini. Tangu 1987 chubwi za risasi za uzito wa kati ya gramu 0.06 na 28.35 zimepigwa marufuku, kwa sababu bata maji walikuwa wakizimeza na kufa kwa sumu.

Katika masharti hayo tafuta kikomo cha uzito kwa kila wavu, ukiandike mahali utakapokiona. Mizani ya huku ni ya ratili na wakia. Kikomo kikiwa ratili 50, yaani karibu kilo 23, kwa kawaida kinachozidi hakihesabiwi. Mwaka mmoja wavu wangu wa kwanza ulikuwa na ratili 57 na wa pili 31. Nikaandikiwa 81, na mshindi alikuwa na 85. Samaki wa kunipa ushindi nilikuwa nao, ila niliwaweka wavu usio wao. Inauma hadi leo. Sasa nabeba vihesabio viwili vya kubofya, kimoja kwa kila wavu. Kila samaki namkadiria, nabofya ratili zake, na nikifika 40 nahamia wavu mwingine, maana jicho la mvuvi hukosea.

Jioni ya kuamkia shindano ni ya ndoana na chambo. Funga ndoana kwenye vipande vyake vya mshipi, angalau kumi za namba 16 na kumi za namba 18, na kumbuka namba inavyopanda ndoana inapungua. Mvua na baridi vikikufika huku vidole vinatafuta fundo, utapoteza robo saa. Unga wa chambo ukandwe usiku, uachwe unywe maji, asubuhi upepetwe kwa chekeche. Punje ndogo za chakula, za milimita 2, zinaloweshwa dakika chache na kuchujwa. Ukizisahau zinakuwa uji. Funza walale mahali pa baridi, la sivyo wataanza kujigeuza pupa wenye ganda gumu. Mahindi matamu ya kopo yabebe daima, ni chambo kisichokuangusha.

Fika mapema, saa mbili hivi, ukiwa na pesa taslimu za kiingilio na za mchango wa zawadi, kwa noti ndogo. Namba za pegi, yaani sehemu ya ukingo ya kila mvuvi, huchotwa kwa bahati nasibu. Ukipata pegi mbaya usinung'unike. Kazi yako sasa ni kuisoma: upepo unatoka wapi, matete yako wapi, mapovu yanapanda wapi.

Kinachofuata ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kupima kina. Hapa wengi hutumia fimbo ndefu ya vipande, hadi mita 16, isiyo na rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Mshipi hufungwa kwenye mpira uliopita ndani ya ncha. Tundika bildi, kizito cha kupimia kina, kwenye ndoana, pima mita 5 kutoka ukingoni, kisha mita 13, kisha kando ya matete kushoto na kulia. Usipime mara moja. Sogeza kidogo kidogo mpaka uujue mteremko unaishia wapi, maana chakula ukikitupa kwenye mteremko kitaviringika, na samaki watakifuata mbali na ndoana yako. Kila kina kiwekee alama ya rangi nyeupe kwenye fimbo, na kila sehemu iwe na mshipi wake na boya lake tayari. Kupima kunaruhusiwa kabla ya filimbi; kutupa chakula hakuruhusiwi.

Kabla ya kuinua fimbo hiyo, tazama juu. Ni ya kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ukiona nyaya za umeme ndani ya mita 30, mwite msimamizi akuhamishe, hata kama pegi ni nzuri.

Mwili nao uandaliwe: koti la mvua hata kama utabiri ni mzuri, kofia, chai kwenye chupa, chakula cha kuliwa kwa mkono mmoja. Beba maji safi na sabuni, na mikwaruzo yote ifunikwe plasta. Mkojo wa panya kwenye maji haya unaweza kuleta ugonjwa uleule uliozuka Lindi mwaka 2022 na kuitwa homa ya mgunda.

Dakika kumi za mwisho kaa kitini, ujifanye umenasa samaki. Kimia cha kuopolea kinafikika bila kusimama? Kijiti cha kutolea ndoana kiko shingoni? Chambo kiko upande wa mkono unaotupia? Nyavu zimetandazwa vizuri ndani ya maji, hazikujikunja? Kikosekanacho kiweke mahali pake sasa, kisha chovya mikono majini, maana mkono mkavu huondoa utelezi unaomkinga samaki.