Kabla ya kwenda Fuerteventura, tazama mwezi

Unapanga kwenda Fuerteventura, kimoja cha visiwa vya Canary, kujifunza ubao wa tanga (windsurfing)? Kabla ya kukata tiketi tazama mwezi. Pale ufuo wa Sotavento, bamvua (maji kujaa sana) la mwezi mpevu au mwezi mwandamo hujaza bwawa lililo nyuma ya fungu la mchanga. Maji hayana kina: ukianguka unasimama, unageuzia upepo mgongo, unavuta tanga kwa kamba, unaanza upya. Siku za maji mafu, yaani maji yasipojaa sana, bwawa huweza kubaki mchanga mtupu.

Nje ya fungu ni habari nyingine. Upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, na Julai hauna mzaha. Ukizidiwa, usiache ubao eti uogelee. Kaa juu yake, punga mikono. Na omba tanga dogo, hata kama una misuli.