Jinsi ya kupiga stori na wafugaji wa magharibi ya Marekani kuhusu maisha yao yanavyobadilika

Kama unaishi Greeley au Fort Morgan kule Colorado, au Twin Falls Idaho, au we ni mmoja wa Wakongo waliopokelewa Missoula Montana kuanzia 2016, basi umezungukwa na ranchi kila upande na pengine hujawahi kukaa na mwenye ng'ombe hata mmoja mkaongea. Wengi wetu tunawaona tu barabarani, kofia, pikapu ina matope, mbwa nyuma, basi. Mi naona tunakosa kitu kikubwa, maana wale wazee wanapitia mabadiliko mazito na wengi wako tayari kuyasimulia, ila wanaokuja kuwauliza huwa wametoka mjini na wanauliza siasa tu halafu wanaondoka.

Kwanza jua wakati wa kwenda. Februari mpaka Aprili ng'ombe wanazaa, mtu anaamka saa nane usiku kwenye theluji kukagua mitamba inayozaa mara ya kwanza, hana muda na wewe kabisa. Mei na Juni wanapiga chapa ndama, Julai na Agosti wanakata nyasi na kufunga marobota ya kulishia msimu wa baridi, Oktoba na Novemba ndama wanapandishwa malori kwenda kuuzwa. Kwa hiyo Desemba na Januari ndo nafasi nzuri, au siku ya mnada pale mgahawani karibu na mnada, watu wana kahawa mkononi na wanaongea. Ukialikwa siku ya kupiga chapa nenda, hata kama hujui kazi, majirani wote wanakuja kusaidiana siku hiyo na ukipewa kazi ya kushika kamba au kufungua geti utasikia mengi kuliko ukikaa na daftari mezani.

Usijitokeze tu nyumbani kwa mtu. Piga simu, au tafuta mtu anayemjua akutambulishe, fundi matrekta, daktari wa mifugo, mchungaji wa kanisa. Ukifika, geti ulilokuta limefungwa lifunge, ulilokuta wazi liache wazi, maana inawezekana ameliacha vile makusudi ng'ombe wafike kwenye maji. Dereva wa pikapu akikuinulia kidole kwenye usukani mnapopishana, we pia mwinulie, hiyo ndo salamu yao.

Sasa kitu kikubwa kuliko vyote: USIMUULIZE ANA NG'OMBE WANGAPI wala ekari ngapi. Kwao ni sawa na kumuuliza ana shilingi ngapi benki, na sisi tuliokulia kwa wafugaji tunalijua hili, nani anamhesabia mgeni ng'ombe zake? Uliza familia yake imefika hapo lini, nani alichimba huo mfereji, mvua zilikuwaje alipokuwa mdogo. Swali la mfereji ni zuri sana kwa sababu kule haki ya maji inaenda kwa aliyetangulia kuyatumia, kwa hiyo ukoo uliochimba mapema bado una nguvu mwaka wa ukame, na wa nyuma wanafungiwa.

Inasaidia ukijua historia kidogo. Sheria ya 1862 iligawa ekari 160 kwa familia, ambazo kwenye nchi kavu vile haziwezi kulisha ng'ombe wa kutosha, ndo 1916 ikaja sheria nyingine ya ekari 640 lakini madini ya chini yakabaki ya serikali. Matokeo yake mpaka leo mtu ana nyasi za juu na kampuni ina ruhusa ya kuchimba chini ya miguu yake! Muulize "chini ya shamba lako ni kwa nani?", hasa Wyoming kaskazini mashariki ambako visima vya gesi vilifumuka kwenye miaka ya 2000, halafu tulia, hiyo stori ni ndefu. Na tafadhali usisahau kwamba ardhi hiyo yote ilikuwa ya watu kabla ya hizo sheria, na Wacrow na Wablackfeet, makabila ya wenyeji wa asili wa Montana, wapo na wenyewe wanafuga, usipowaendea na wao umepata nusu tu ya stori.

Halafu kuna ardhi ya serikali kuu. Nevada karibu asilimia 80 ya jimbo ni ya serikali kuu, na mfugaji anakodi malisho kwa kibali, kuanzia 2019 mpaka 2025 bei ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe na ndama wake. Watu wa mjini wanasema hiyo ni bure, yeye atakwambia fensi na mabomba ya maji kule anatengeneza mwenyewe. We usichague upande, muulize zamani walikuwa wanapeleka ng'ombe mlimani tarehe ngapi na siku hizi tarehe ngapi, hapo hapo utasikia habari za ukame, moto wa nyika na maofisa wanaobadilika kila mara.

Mbwa mwitu wa kule (wolves) vilevile. Waliletwa hifadhi ya taifa ya Yellowstone kutoka Kanada 1995 na 1996, na Colorado watu walipiga kura 2020, kura zikakaribiana sana, wakaachiliwa Desemba 2023. Ukiuliza unawataka au huwataki utapewa hotuba ambayo ameshaisema mara nyingi. Uliza usiku umebadilikaje, analalaje siku hizi, mbwa wake wanafanya nini.

Kwenye bei ndo wewe una kitu cha kumpa. Kampuni nne zinachinja kama asilimia 85 ya ng'ombe walionenepeshwa Marekani nzima, na mwanzoni mwa 2025 idadi ya ng'ombe ilikuwa milioni 86.7, chini kuliko mwaka wowote tangu 1951. Muulize mnadani zamani walikuwa wanakuja wanunuzi wangapi. Na kama we unakata nyama kiwandani, MWAMBIE. Mwambie mashine inavyokwenda kasi, baridi ya mle ndani, mikono inavyouma, maana yeye anamzalisha yule ndama usiku na wewe unamkata mwisho kabisa na hamjawahi kuonana. Mi naamini hapa ndo mazungumzo yanakuwa ya watu wawili kweli. Kama umetoka kwa Wanyamulenge au Wasukuma au umelelewa na ng'ombe popote pale, simulia na hayo, magonjwa, ukame, wizi wa mifugo, atakuuliza maswali mpaka usahau ya kwako.

Swali la nani atarithi liache mwisho. Wastani wa umri wa wakulima na wafugaji wa Marekani kwenye sensa ya 2022 ni miaka 58.1, na ardhi siku hizi inanunuliwa na matajiri kwa ajili ya mandhari na uvuvi, kwa bei ambayo ndama hawawezi kuilipa hata ukiuza miaka yote, kwa hiyo kijana hata akitaka hawezi kununua kwa jirani. Uliza taratibu. Mke wake akiwepo muulize na yeye, mara nyingi ndo anashika hesabu zote na ndo anafanya kazi mjini, unesi au ualimu, ili familia ipate bima ya afya. Wakinyamaza, nyamaza na wewe, usikimbilie kujaza.

Kurekodi: omba ruhusa kwanza, Montana sheria inataka wote wajue wanarekodiwa. Upepo wa kule unaharibu kila kitu, kaeni ndani ya pikapu na vioo juu. Neno usilolielewa mwambie akuelezee, hawachukii hata kidogo. Kabla hujaondoka muulize nani mwingine ungefaa kumwona, ukifika nyumbani andika jina, kaunti na tarehe kwenye faili siku hiyohiyo, kisha wapelekee kopi kwenye flashi, maana intaneti yao kule mara nyingi haiwezi kushusha faili kubwa, na uombe kurudi msimu mwingine ili umwone akiwa kazini.