Kabla hujagusa laptopu mpya za ofisi: draiva zipi uandae na programu zipi za mtengenezaji uache

Maboksi yakishafika ofisini watu wengi wanakimbilia kuinstoo Windows, draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya ndani kama waifai, wanasema watatafuta baadaye, na hapo ndo mnakwama kwa sababu hiyo baadaye inataka intaneti na laptopu isiyo na draiva ya waifai intaneti itaipata wapi? Kwa hio kabla ya yote jua una mashine gani hasa. Jina la kwenye mfuniko halitoshi. ThinkPad E14 Gen 2 ipo ya Intel na ipo ya AMD, kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi, lakini draiva za chipseti (zile chipu za bodi kuu) na za grafiksi ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa Lenovo angalia zile herufi nne za mwanzo za aina ya mashine kwenye stika ya chini, Dell chukua Service Tag yenye herufi saba, HP ina namba ya bodi ambayo HP Image Assistant, programu ya HP wenyewe, inaisoma yenyewe. Tupia zote kwenye Excel, hasa kama mzigo wenu ni wa kuchanganya, nusu mpya na nusu zimetumika Ulaya.

Hizo zilizotumika ingia BIOS, ile programu ya ndani ya mashine inayowaka kabla ya Windows, kabla bosi hajalipa. Uone haina paswedi, na Absolute Persistence, ile ya kufuatilia na kufunga mashine iliyoibiwa, zamani watu waliijua kama Computrace, haijawashwa na kampuni ya kwanza, maana hiyo inakaa ndani ya BIOS na ukifomati diski haiondoki.

Draiva za kwanza kuandaa ni mbili tu, ya diski na ya mtandao, zingine zote zinaweza kusubiri. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zinakuja na VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski, imewashwa, sasa unafika pale pa kuchagua diski unakuta orodha tupu, na fundi asiyejua anakwambia SSD imekufa. Haijakufa, inataka draiva ya Intel RST. Na ukiweka SetupRST.exe kwenye fleshi hivohivo setup ya Windows haitaiona, lazima uende kwenye kompyuta nyingine uifungue kwa amri ya SetupRST.exe -extractdrivers ukimalizia na jina la folda, humo ndo unakuta faili za .inf zinazotakiwa, zile Windows inazozisoma ili iweke draiva. Kuna wanaozima VMD kwenye BIOS, sawa, kama diski ni tupu, ila kwenye mashine ambayo tayari ina Windows usithubutu, inaweza kugoma kuwaka. Waifai ikikosekana kwenye ile hatua ya kuunganisha mtandao, bonyeza Shift+F10, lije lile dirisha jeusi, uandike pnputil /add-driver D:\waifai\*.inf /subdirs /install, bila shaka D ubadilishe iwe herufi ya fleshi yako. Mimi huwa natembea pia na kile kiadapta cha USB cha kuchomekea kebo ya LAN.

Kudaunlodi fanya mara moja, sehemu moja. Dell, HP na Lenovo wote wanatoa furushi za draiva kwa ajili ya makampuni, modeli kwa modeli, zimejaa .inf bila yale mapambo mengine, na furushi moja linaweza kupita giga moja. Kwa bando za hapa Uganda, na ile kodi ya asilimia 12 iliyowekwa kwenye data tangu Julai 2021, hakuna sababu kila laptopu ijivutie yake. Shusha Kampala usiku, weka kwenye diski ya nje, tuma matawi ya Arua na Mbarara kwa basi. Ila zile fleshi za mafundi zenye draiva za kila kompyuta duniani, hapana jamani, hujui nani alizikusanya na aliongeza nini humo.

Sasa programu za mtengenezaji. Msimamo wangu ni chombo kimoja tu cha kuapdeti kwa kila aina: Dell Command Update kwa Dell, HP Image Assistant kwa HP, Lenovo System Update au Commercial Vantage kwa Lenovo. Ongeza kile kinachofanya vitufe vya Fn na docki (kile cha kuchomekea skrini na kebo) vifanye kazi, basi. Matangazo, antivairasi za majaribio, visaidizi vya sijui nini, viondoke vyote. Sio ubahili, hizi programu zinapewa mamlaka makubwa ndani ya mashine na zimewahi kuwa mlango wa wezi. 2015 iligundulika Lenovo walikuwa wameuza laptopu zenye Superfish, programu ya matangazo iliyokuwa inaingilia mawasiliano ya siri ya brauza, 2019 ikajulikana wadukuzi walipitisha vairasi kwenye ASUS Live Update yenyewe, na 2021 Dell wakalazimika kutoa marekebisho ya draiva yao ya dbutil_2_3.sys yenye tundu la usalama, iliyokuwa ikisambazwa tangu 2009. Hizo za Lenovo zilikuwa za wateja wa kawaida sio za ofisini, lakini ofisi ndogo si ndo zinanunua hizohizo dukani?

Halafu amua nani mwenye neno la mwisho, Windows Update au chombo cha mtengenezaji. Ukiacha vyote viwili vinavutana, leo hiki kinaweka draiva ya sauti ya aina hii kesho kile kinaibadilisha. Kama umechagua cha mtengenezaji, kwenye sera za Windows Update kuna kipengele cha kuzuia draiva zisije pamoja na apdeti za kawaida, kiwashe.

BIOS itenge kabisa, ina ratiba yake. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati betri ndo itakuokoa, na desktopu isiyo na UPS usiiguse. BitLocker, ile inayofunga diski kwa usimbaji, isimamishe kwanza kwa Suspend-BitLocker -MountPoint "C:" -RebootCount 1, la sivyo mashine inaweza kuwaka ikidai zile namba 48 za ufunguo wa kuifungulia, na kama hukuhakikisha mapema kwamba funguo zimehifadhiwa kwenye akaunti ya kampuni utamwambia nini dada wa kaunta saa mbili asubuhi wateja wamejipanga? Pia ule mpangilio wa kuchaji mwisho asilimia 80, unatunza betri ni kweli, mimi nauweka makao makuu penye jenereta, tawi ambalo umeme unapotea mchana kutwa waachie ijae mpaka mwisho.

Kabla ya kusambaza kwa wote, jaribu kwa mhasibu. Sitanii, yeye ndo ana vitu vyote: anatoa ankara EFRIS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Uganda, ana printa ya zamani, ana skana, na kama ni SACCO kuna kile kisomeo cha vidole ambacho draiva yake wakati mwingine ni ya miaka ile. Mwache atumie wiki nzima, na toleo la draiva lililokuwa linafanya kazi mwanzo libaki kwenye ile diski ya nje na tarehe yake, sababu BIOS nyingi zinakataa kurudi nyuma lakini draiva ya printa unairudisha kwa dakika tano.