Chenso inapanda resi yenyewe? Fuata hatua hizi kabla ya kugusa kabureta

Kila kiangazi kinapoanza na kazi ya kuvuna misindano ikapamba moto huku Mufindi, karakana inajaa chenso zenye ugonjwa mmoja. Asubuhi zinawaka vizuri. Zikishapata moto zinapanda resi bila kuguswa, ukiachia zinachelewa kushuka, mara zinazima. Mwenye mashine anakuwa ameshazungusha skrubu za kabureta mpaka vichwa vimelika.

Juzi nilimsaidia kijana mmoja anayepogoa miti pale Mafinga kuifufua mashine ya namna hiyo, akaniomba nimwandikie hatua zote. Naziweka hapa na wengine wafaidi. Zinafaa kwa Stihl na Husqvarna tunazozitumia zaidi, na kwa chenso nyingine nyingi za injini ya mipigo miwili.

Hatua ya 1: Mwaga mafuta yaliyomo

Yote. Hata kama umeyachanganya wiki iliyopita na unayaamini. Kisha changanya mapya kwa kipimo. Uwiano wa 1:50 maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani lita 5 zinataka mililita 100. Uwiano huo Stihl wanautoa kwa oili yao. Wanasema ukitumia oili nyingine ya mipigo miwili nenda 1:25, ambayo ni mililita 40 kwa lita. Husqvarna kwa oili isiyo yao wanataka 1:33, kama mililita 30.

Pima kwa bomba la sindano au chupa yenye alama. Kizibo cha soda si kipimo. Oili ya pikipiki ya mipigo minne usiitie kabisa, haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli. Na mchanganyiko usizidi mwezi mmoja kwenye dumu.

Hatua ya 2: Safisha

Filta ya hewa, mapezi ya silinda, kifuniko cha kamba ya kuwashia. Misindano ina utomvu, ukichanganyika na vumbi la mbao unaganda kwenye mapezi na injini inakosa kupoa, kwa hiyo kwangua kwa kijiti cha mti wala si kwa bisibisi. Plagi: mwanya wa milimita 0.5.

Hatua ya 3: Fungua ekzosi, mtazame pistoni

Usiruke hatua hii. Toa ekzosi, vuta kamba polepole, mulika kwa tochi kupitia tundu la moshi. Pistoni isiyo na ubovu inang'aa sawasawa na ringi inacheza ukiibonyeza kwa kijiti. Ukiona mikwaruzo iliyosimama upande wa ekzosi, injini ilikosa oili au ilikosa mafuta ya kutosha. Watu wengi hapo wanakimbilia dukani kununua silinda na pistoni mpya. Ukifunga pistoni mpya bila kujua ya kwanza iliuawa na nini, ya pili itakufa vilevile, na pengine ndani ya siku moja.

Hatua ya 4: Njia ya mafuta

Vuta filta ya ndani ya tenki kwa waya uliopindwa. Kama ni nyeusi au ngumu, badilisha, bei yake ni ndogo. Ukunje mpira wa mafuta kwa vidole, hasa pale unapopita kwenye ukuta wa tenki. Mpira uliozeeka una nyufa zinazojificha mpaka uukunje. Halafu tundu la kupumulia la tenki: mashine ikizima baada ya dakika chache, na ukifungua kifuniko unasikia "fsss" ya hewa inayoingia, halafu inawaka tena vizuri, tundu hilo limeziba. Lizibue, hapo umemaliza kazi.

Hatua ya 5: Tafuta hewa inayoingia kwa wizi

Hapa ndipo siku nzima inapopotea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Injini ya mipigo miwili inavuta hewa na mafuta kwanza kwenye krankesi, chini ya pistoni, ndipo vinapanda kwenye silinda. Pistoni ikipanda krankesi inanyonya, ikishuka inasukuma. Tundu lolote kwenye krankesi, hata dogo kama la sindano, linaingiza hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, resi inapanda, joto linazidi. Na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, petroli ikipungua oili nayo imepungua. Ndiyo mikwaruzo uliyoiona kwenye hatua ya 3.

Ukifungua skrubu ya kabureta kuongeza mafuta, mashine itatulia. Fundi anapokea hela, mteja anaondoka. Lakini tundu bado lipo, na mpira ukipata moto linapanuka. Ninawasihi vijana wanaojifunza kazi hii: kabureta isitumike kuficha tundu.

Kwanza jaribio la bure. Iwashe, iache ipate moto, iweke kwenye silensi, yaani resi ya chini bila kuminya, kisha ilaze upande mmoja, igeuze upande wa pili, halafu elekeza pua, ile ncha ya baa inayobeba cheni, chini. Resi ikibadilika sana kila ukigeuza, shuku sili za kranki, zile raba zinazozuia hewa pale shafti ya injini inapotokea nje ya krankesi. Izime, toa kifuniko cha kamba, shika flaiwili, lile gurudumu lililo nyuma yake, uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na sili mpya haitadumu juu ya beringi mbovu.

Sehemu za kushuku ni hizi: mpira mnene kati ya kabureta na silinda, kampira kembamba kanakopeleka mpigo wa krankesi kwenye pampu ya kabureta, sili mbili za kranki, moja nyuma ya klachi na nyingine nyuma ya flaiwili, gasketi ya chini ya silinda, na kwa mashine yenye kitufe cha kupunguza mgandamizo, kitufe chenyewe.

Sasa kipimo cha uhakika. Wenye hela wananunua pampu maalumu. Mimi natumia mpira na saa ya kipimo cha presha ya damu, kile cha kuminya kwa mkono. Kinafika milimita 300 za zebaki, ambazo ni bar 0.4 hivi, na vitabu vya ufundi vya Stihl vinapima kwa bar 0.5. Kinatosha. Usitumie kompresa ya kujazia matairi, inaweza kuzing'oa sili.

Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kibane kati ya silinda na ekzosi kuziba tundu la moshi. Kipande kingine kibane kati ya kabureta na ule mpira wake mnene. Kile kimpira cha mpigo kizibe kwa bolti upande wa kabureta. Chukua plagi ya zamani, vunja kauri yake yote, gundisha ndani yake valvu ya baiskeli iliyotolewa moyo, na uunganishe mpira wa presha hapo. Vuta kamba mpaka pistoni iwe chini kabisa, ili silinda na krankesi viwe chumba kimoja. Hili la pistoni wengi wanalisahau: ikiwa juu, unapima silinda peke yake na utaambiwa mashine ni nzima.

Jaza hewa, utazame mshale. Ukitulia kwa sekunde 20, ni dalili nzuri. Ukishuka, paka maji ya sabuni kila mahali kwa brashi. Anza na vile vipande vya tyubu ulivyoweka wewe mwenyewe, kwa sababu mapovu mengi ya kwanza hutoka hapo, na ukiharakisha utabomoa mashine nzima kwa kosa la kipande cha tyubu. Vikiwa vimekaza, nenda kwenye ule mpira mnene wa kabureta, kisha gasketi, kisha sili. Ili kuona sili ya upande wa klachi lazima klachi itoke.

Kuhusu klachi: kwenye chenso karibu zote inafunguka kwa kuzungusha kulia, yaani mwelekeo wa saa. Ukiizungusha kushoto unaikaza, na utaikata kranki. Kuzuia pistoni, ingiza kamba laini kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa imeshapita juu ya tundu la moshi. Isipopita, kamba itaingia kwenye tundu na kukatwa. Usizuie kwa bisibisi wala kwa bolti, utatoboa kichwa cha pistoni.

Tahadhari nyingine: sili inaweza kushika hewa inayosukumwa kutoka ndani na bado ikavuja hewa inayonyonywa kutoka nje, kwa sababu msukumo wa ndani unaukaza mdomo wake kwenye kranki. Kwa hiyo kipimo cha kusukuma peke yake hakitoshi. Azima kwa fundi wa breki pampu ya mkono ya kunyonya hewa, unyonye mpaka bar 0.5, usubiri sekunde 20. Mshale ukikimbia kurudi kwenye sifuri na kule kusukuma ulitulia, ni sili. Badilisha zote mbili, hata kama mbovu ni moja.

Kuitoa sili, toboa kishimo kidogo kwenye chuma chake, fungia skrubu nyembamba, vuta kwa plaizi. Kranki isikwaruzwe hata kidogo. Kabla ya kuingiza mpya, zungushia selotepu juu ya nyuzi za kranki na mfereji wake wa ufunguo, la sivyo mdomo wa sili utakatwa kabla haujafanya kazi. Paka oili, upande wenye springi uangalie ndani, gonga taratibu kwa soketi inayolingana na ukingo. Kisha pima tena.

Hatua ya 6: Sasa kabureta

Kama hakuna mvujo na bado inasumbua, fungua kabureta, badilisha dayaframu, ule utando mwembamba wa ndani. Ikiwa ngumu na inalia kama karatasi, imekufa. Toa kichujio kidogo cha ndani kwa pini, kioshe.

Kisha rekebisha mashine ikiwa na moto, filta safi. L, skrubu ya mafuta ya resi ya chini: tafuta pale resi ya chini inapokuwa juu zaidi, kisha fungua kidogo, kama robo mzunguko, mpaka ukiminya inapokea mara moja. LA, au T kwenye Husqvarna, skrubu ya silensi: punguza mpaka cheni isimame kabisa ukiachia. H, skrubu ya mafuta ya resi ya juu: minya yote kwa sekunde chache bila mti. Sauti iwe na mkoromo kidogo, na ikiingia kwenye gogo mkoromo upotee. Ikilia kwa sauti nyembamba safi bila kazi, mafuta ni machache, fungua. Mashine zenye kabureta ya kielektroniki hazina skrubu hizi, zinajirekebisha zenyewe.

Hatua ya 7: Noa cheni kwa mkono

Cheni butu inamfanya mtu akandamize mashine muda wote, na lawama inaangukia injini. Gogo likitoa unga badala ya maranda, noa.

Mimi nasimama na tupa ya mviringo. Mashine ya umeme ikikosewa inaunguza jino, ncha inakuwa ya bluu, na haishiki makali tena. Kwa Stihl, cheni ya inchi 3/8 (kipimo cha pichi ya cheni) inataka tupa ya milimita 5.2, ya .325, milimita 4.8, ya .404, milimita 5.5. Pembe ya kunoa ni nyuzi 30 kwa kukata magogo, nyuzi 10 kwa kupasua mbao. Sukuma mbele tu, usikwangue ukirudi. Tafuta jino fupi kuliko yote, mengine yafuate urefu wake.

Kile kinundu kilicho mbele ya jino kiwe chini ya ncha kwa milimita 0.65, kwa cheni ya .404, milimita 0.8. Tumia kipimo cha bati na tupa bapa. Anayekishusha kwa makadirio anapata cheni inayorukaruka na kumpiga mikono, na pua ikigusa tawi inamrudia usoni.

Hatua ya 8: Baa na majaribio

Geuza baa kila unapobadilisha cheni, chokoa mfereji, zibua tundu la oili. Sproketi, ile gia inayozungusha cheni, ikichimbika zaidi ya nusu milimita, badilisha. Oili chafu ya gari usiitie kwenye tenki la cheni: inaziba pampu, na inarukia nguo na ngozi yako kutwa nzima.

Washa, elekeza pua kwenye kisiki, minya kidogo: oili irushe mstari. Jaribu breki ya cheni. Isiposhika papo hapo, mashine haitoki karakana. Kata gogo kwa dakika tatu, zima, iache ipoe kidogo, kaza cheni upya. Jioni ilegeze, maana ikipoa inajivuta na kuumiza beringi ya kranki, ile uliyotoka kuiwekea sili mpya.