SOMO: Kumchukua mbwa makaoni Nairobi na kumfikisha Mombasa salama

Nimechoka kujibu jambo hili kwa mmoja mmoja, tena usiku. Nimeliandika hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia hili.

1. Kuchagua. Omba video, usikubali picha. Iwe KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama pale Karen, au makao mengine ya mbwa wasio na wenyewe, mhudumu amtembeze kwa kamba, apite karibu na mbwa mwenziwe, na mtu asiyemjua amsogelee.

2. Pesa. Anayegawa mbwa wa kizungu bure mtandaoni, kisha anataka umtumie M-Pesa ya "usafiri" tu, ni mwizi. Makao ya kweli hukuhoji kwanza: una ua? Umepanga au ni kwako? Mchana nani yupo?

3. Karatasi. Kadi halisi ya chanjo, na kibali cha kusafirisha mnyama kutoka kwa afisa wa mifugo. Angalia tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama ndiyo ya kwanza, kinga huhitaji wiki tatu hadi nne kukomaa. Aliyechanjwa jana hajakingwa leo.

4. Kreti, yaani kasha la kumsafirishia. Ndani yake asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, ajinyooshe. Isiwe pana kupita kiasi, maana breki ikishikwa ghafla atarushwa huku na huku. Tandika magazeti, na uombe kitambaa alichokuwa akikilalia.

5. Gari. Probox yenye viti vya nyuma vilivyolazwa, kreti imefungwa kwa kamba isicheze. Ni kama kilomita 480, na malori unayajua. Ondokeni saa tisa usiku ili mkate Tsavo kabla jua halijawa kali. Alishwe jioni ya kuamkia safari, asubuhi asile. Maji apewe kidogo kidogo. Mwambie dereva mapema kwamba mzigo ni mbwa. Wapo wasiobeba mbwa kwa sababu ya dini, wapo wanaoogopa tu. Tafuta mwingine bila ugomvi.

6. Kumshusha. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Safari ilikwenda vizuri, nikafungua kreti nje ya geti nimsalimie. Alirudi kinyumenyume, ukosi, ule mkanda wa shingoni, ukamvuka kichwani ukabaki mkononi mwangu, naye akaingia mtaani. Watu wengi huogopa barabara, kumbe mbwa hupotea mlangoni. Huyu hakujui, jina ulilompa halijui, na hajui kwamba hapa ni kwake. Hana sababu hata moja ya kukurudia.

Kwa hiyo kreti ibebwe IKIWA IMEFUNGWA hadi ndani ya chumba. Funga geti, funga mlango wa nyumba, angalia madirisha, ndipo ufungue kreti na usogee kando atoke mwenyewe. Kama kreti haibebeki, avishwe kamba mbili ndani ya gari, milango ikiwa imefungwa: moja kwenye ukosi uliobana hadi vidole viwili tu vipite, nyingine ya kitanzi, na kila kamba ishikwe na mtu wake. Njiani pia ni vivyo hivyo. Usimtoe Mtito Andei eti akojoe! Pale umezungukwa na Tsavo, nani atamfuata? Akojoe kwenye magazeti, utasafisha baadaye.

7. Wiki ya kwanza. Chakula kile kile cha makaoni, wageni wasije, asiogeshwe.

MASWALI

Kijana wa Bamburi: Naweza kumpa Piriton alale njiani? Na jumla ni shilingi ngapi?

Jibu: Usimpe. Mbwa hujipoza kwa kuhema. Ukimlewesha kwenye joto, hajipozi wala hashiki mizani. Bei muulize dereva wako.

Mzee Kobe: Mnatishana bure. Wangu alikuja chini ya basi na mizigo, akafika mzima.

Jibu: Nashukuru alifika. Basi likisimama foleni ya Mariakani saa sita mchana, kule chini upepo unatoka wapi? Ukiwa na jibu liandike hapa, nitarekebisha somo.

Mama Neema: Naishi Mji wa Kale, majirani ni Waislamu na uchochoro ni mmoja. Nataka mbwa lakini sitaki kuwaudhi. Nifanyeje?

Jibu: Dada, ahsante kwa kuuliza kabla. Waambie kabla hajaja. Wengi hawana neno na mbwa wa ulinzi. Kinachowakera ni mate yake kwenye nguo za mtu aliyeshika udhu anakwenda msikitini. Basi usimtoe nyakati za swala, mshike kamba fupi, na uchafu wake uokote hapo hapo. Na kama huna ua kabisa, waeleze makao ukweli. Yupo mbwa mzee mtulivu ambaye hakuna anayemtaka, naye atakufaa kuliko kijana wa kuruka kuta.

Otis: Na akishatoroka?

Jibu: Usimkimbize, utamzidishia mbio. Weka kreti wazi pale pale alipotokea, na kile kitambaa chake na chakula ndani, ukae mbali. Wangu nilimpata hivyo. Waambie walinzi na watu wa boda wakupigie simu tu wakimwona, wasijaribu kumkamata. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana kadi.

Bi Saumu wa Kilifi: Niongeze moja. Wa bara akishuka pwani, kupe watamla. Banda nalo lipigwe dawa, maana kupe wa mbwa hupanda ukutani na kutaga kwenye nyufa.

Jibu: Kweli kabisa. Ila dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kwa kukisia kipimo, ni sumu. Akigoma kula, ufizi ukapauka au pua ikatoa damu, ni daktari siku hiyo hiyo. Homa ya kupe haingoji Jumatatu.

Kijana wa Bamburi: Sawa, basi nusu kidonge?

Jibu: Soma jibu lako la kwanza.

Otis: Ugali na omena anaweza?

Jibu: Baada ya wiki ya kwanza, ndiyo, ukichanganya kidogo kidogo. Omena loweka utoe chumvi, vitunguu usitie, na mifupa ya kuku iliyopikwa tupa, huvunjika vipande vikali.